Kushoto kwa Nani

Mkuu wa shule alinipa nusu saa na barakoa moja.
Nikaingia karakana, nikaifungua roboti skrubu kwa skrubu,
nikaigawa mafungu kama nyama ya shughuli:
magurudumu na mota kwa Anselm Kovacich,
mkono wa kunyakulia kwa Pa Houa, aliyeuchora,
kompyuta kwa Odessa Beaulieu, maana kwake tu haikuwa na kiburi,
na betri kwa baba yake Anselm. Si kwa Anselm.

Duluth, mwezi wa tatu, ziwa limeganda mpaka jicho linapokoma.
Nilizunguka na gari nyumba hadi nyumba,
naweka kizingitini mkebe wa biskuti uliojaa nati,
nabonyeza kengele, narudi nyuma hatua sita kama mwizi.
Mama yake Pa Houa alinipungia mkono dirishani,
bado amevaa nguo za zamu ya usiku hospitalini.
Hakufungua.
Nami, Mungu anisamehe, sikutaka afungue.

Jumanne na Alhamisi, saa kumi, tukawa vidirisha.
"Anselm, umejizima sauti."
"Anselm. Sauti."
Mdomo unacheza, mbwa anapita, dari, kidevu, dari.
Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Vidole tulikuwa navyo, tisa,
kila kimoja na paa lake,
na chawa anatutazama.

Odessa hakuwa na mtandao kwao.
Aliandika programu garini mwa babu yake
nje ya maktaba iliyofungwa,
akinyonya mtandao uliovuja ukutani,
injini inanguruma ili vidole visife ganzi.
Babu kwenye usukani, kofia imemfunika macho,
na kila baada ya muda, bila kuinua kofia:
"Imekwenda?"
"Bado, babu."

Haikwenda. Au ilikwenda, ila upande wa pili.
Odessa aliiamuru kushoto, ikashika kulia,
ikalipiga kabati la sahani la kina Kovacich.
"Waya umechomeka kushoto?"
"Kushoto, naona kwa macho yangu."
"Sisi tunaona kulia."
"Kushoto kwa nani?"
Wiki tatu. Nilianza kumchukia mtoto wa watu
kwa sababu ya waya wenye urefu wa shibiri.

Alhamisi moja kidirisha cha Odessa hakikufunguka.
Nikamwandikia: jaribu kulia.
Ndiyo hivyo tu. Jaribu kulia.
Sikujua kwamba alikuwa akilia tangu alfajiri,
kwamba babu alipelekwa Jumapili
na simu ya hospitali ilishikwa na muuguzi
ili wamuage kupitia kioo kama hiki chetu.

Sikupanga mkutano wiki iliyofuata.
Walikuja hata hivyo. Tukakaa. Mtu alikuwa anakula nafaka.
Pa Houa akachukua kitambulisho cha kazini cha mama yake,
akakiinua mbele ya kamera, akakunja uso.
"Mnasomaje hapa?"
Tukasoma jina la mama yake.
"Mimi kwangu herufi zimegeuka."
Kimya, kisha yeye mwenyewe, polepole:
"Anselm, unapofunga waya unatazama meza
au unajitazama kwenye skrini?"

Anselm akatazama meza.
Kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

Mashindano yalikwisha kufutwa; barua ilikuja na neno "kwa masikitiko".
Odessa alirudi mwezi wa tano, gari lilelile,
yeye sasa ndiye nyuma ya usukani,
kompyuta imeegemea magotini, kiti cha pili kina kofia.
Akatuma programu. Nikahesabu pumzi zangu.
Roboti ikatikisika, ikaenda mbele, ikageuka kushoto,
kushoto kwake yenyewe, bila kuuliza mtu,
ikaligonga friji, sumaku mbili zikaanguka.

"Imekwenda," alisema Odessa.
Hakuwa anatutazama sisi.

Anselm alikuwa anarukaruka jikoni, mdomo wazi, hana sauti.
Safari hii hakuna aliyemkumbusha.